HISTORIA YA KIMBUNGA FREDDY, 2023: UPEPO ULIDHOOFIKA, MAJI HAYAKUDHOOFIKA



Kamati iliponiomba niandike ukurasa wa historia katika toleo hili la kumbukumbu, niliachiwa kuchagua jambo mwenyewe. Nimechagua kimbunga Freddy cha mwaka 2023, ambacho wenyeji wetu wa Malawi wanakiita namondwe. Najua wapo watakaouliza: kwa nini kimbunga, na sisi hapa Dzaleka tuko wilaya ya Dowa, katikati ya nchi, mbali na bahari, na maji yale hayakutufikia? Sababu yangu ni neno moja ambalo katika wiki zile lilipita kambini mara nyingi, kutoka redioni hadi kisimani, na kutoka kisimani hadi sokoni: kimedhoofika. Katika Malawi walikufa watu 679, na wengine 537 hawakuonekana. Wote hao walikutwa na mauti wakati kimbunga chenyewe kilikuwa kimekwisha kudhoofika. Nataka tuelewe jambo hilo limewezekanaje.

Wengi wetu tumetoka Kivu, Katanga, Burundi na Rwanda, nchi ambazo vimbunga vya bahari havifiki. Kule shuleni tulifundishwa habari za volkano na matetemeko ya ardhi, lakini kimbunga tulikisoma kama habari ya watu wa mbali. Hata pwani ya Waswahili, kwa kuwa iko karibu na Ikweta, hupatwa mara chache. Unguja ilipigwa tarehe 15 Aprili 1872, dhoruba ikaangusha mikarafuu na kuzamisha vyombo vya Sultani Barghash bandarini. Lindi ilipigwa mwezi Aprili 1952. Kimbunga huzunguka kwa sababu dunia yenyewe inazunguka, na nguvu hiyo ya kuzungusha upepo ni hafifu mno karibu na Ikweta, ndiyo maana hakizaliwi huko. Tulipokimbilia kusini tuliingia katika nchi yenye adui ambaye lugha zetu za nyumbani hazikutuandaa kumjua.

SAFARI YA KUVUKA BAHARI NZIMA

Freddy ilizaliwa mwanzoni mwa Februari 2023 katika bahari iliyo kati ya Indonesia na Australia. Jina lilitolewa na watu wa hali ya hewa wa Australia tarehe 6 Februari. Baada ya hapo ilishika njia ya magharibi na kuvuka Bahari ya Hindi yote, jambo ambalo hutokea kwa nadra sana. Waliotangulia kufanya hivyo ni Eline na Hudah, vyote viwili vya mwaka 2000, na wazee wa Msumbiji hawajasahau Eline. Tarehe 20 Februari Freddy ilipita kaskazini ya Morisi na Réunion. Usiku wa tarehe 21 iliingia Madagaska karibu na mji wa Mananjary, ikakikata kisiwa kizima na kutokea upande wa pili. Tarehe 24 ilitua Msumbiji karibu na Vilankulo.

Hapo ikadhoofika. Ikatambaa bara kuelekea mipaka ya Zimbabwe ikinyesha mvua, bila upepo wa kutisha. Wengi walidhani habari imekwisha. Mimi nilikuwa nachora njia yake ubaoni kwa wanafunzi wa darasa la nane, kwa chaki nyekundu, kila siku kipande kimoja kadiri redio ilivyosema, na siku hiyo mtoto mmoja akauliza kama sasa tufute. Nikamwambia tuache mpaka mwisho wa mwezi, kwa vile ramani ya Msumbiji bado nilikuwa naihitaji kwa somo la mito.

Ikawa vema, maana mwanzoni mwa Machi kimbunga kiligeuka. Kilirudi mashariki, kikaingia tena katika Mlango wa Bahari wa Msumbiji, na maji yale ya uvuguvugu yakakifufua. Kwa siku kadhaa kilizungukazunguka humo, kikakaribia hata kusini-magharibi ya Madagaska mara ya pili, kisha kikaelekea tena bara la Afrika. Tarehe 11 Machi, siku ya Jumamosi, kilitua mkoa wa Zambezia karibu na mji wa Quelimane. Paa ziling'oka, umeme na simu vikakatika. Na kutoka Quelimane hadi mpaka wa kusini ya Malawi si mbali.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilichunguza jambo hili kwa zaidi ya mwaka mzima, na mwezi Julai 2024 likathibitisha kwamba Freddy ndiyo iliyoishi muda mrefu kuliko vimbunga vyote vilivyowahi kurekodiwa: siku 36. Aliyeshika nafasi hiyo kabla yake ni John wa mwaka 1994 katika Bahari ya Pasifiki, siku 31. Kwa urefu wa njia, John bado anaongoza kidogo. Freddy ilikwenda kilomita 12,785, yaani karibu theluthi moja ya mzingo wa dunia. Nawaeleza haya kwa sababu magazeti yaliyapenda sana. Kwa mtu wa Blantyre aliyezikwa na tope, rekodi hizo ni habari ya karatasi.

NGAZI ZA UPEPO

Sehemu yetu ya Bahari ya Hindi inalindwa, kwa upande wa utabiri, na kituo cha hali ya hewa cha Ufaransa kilichoko kisiwani Réunion. Wataalamu wake hutazama picha za satelaiti usiku na mchana, wanakadiria mahali jicho la kimbunga lilipo, linakwenda wapi, na upepo una kasi gani. Taarifa zao huenda Maputo, Lilongwe, Antananarivo na kwingineko, na kila nchi huwatangazia watu wake.

Kimbunga huwekwa katika ngazi. Chini kabisa ni mgandamizo mdogo wa hewa wa kitropiki. Juu yake dhoruba ya wastani, kisha dhoruba kali, kisha kimbunga, kimbunga kikali, na kimbunga kikali kupita kiasi. Freddy ilipanda na kushuka ngazi hizo mara nyingi. Ilipokuwa katikati ya bahari upepo wake ulipita kilomita 200 kwa saa. Sasa angalia vizuri kipimo hicho. Ngazi zote hupimwa kwa upepo, na upepo peke yake. Mvua haimo. Mtaalamu anaposema kimbunga kimeshuka ngazi, anasema kweli, lakini anasema kuhusu upepo. Kuhusu maji hajasema neno, mpaka aongeze sentensi ya pili.

Na sentensi hiyo ya pili ndiyo yenye uzito, kwa sababu ifuatayo. Kimbunga kinakula joto la bahari. Maji yenye joto la nyuzi 26 au 27 na zaidi hupanda kuwa mvuke. Mvuke ukifika juu hupoa na kuwa mawingu, na katika kupoa huko hulitoa lile joto, ambalo huvuta hewa zaidi kutoka chini, na hewa ikienda kwa kasi ndio upepo. Kikipanda nchi kavu, chakula kinakatika. Milima, miti na majumba humsugua mgeni huyu tumboni, na kwa muda wa saa chache upepo unaanguka. Lakini yale maji aliyoyabeba angani, yaliyokusanywa kutoka bahari kwa siku nyingi, hayana pa kurudi. Lazima yanyeshe. Kama kimbunga kinatembea haraka, mvua hutawanyika katika nchi kubwa. Kama kimechoka na kinatembea polepole, mvua yote humwagwa mahali pamoja. Kwa hiyo udhaifu wenyewe, ule wa mwendo, ndio unaozidisha gharika. Na hewa yenye unyevu ikigonga mlima husukumwa juu, hupoa, na kumwaga zaidi.

Kusini ya Malawi ina mambo hayo yote. Upo mlima Mulanje, unaosimama peke yake juu ya tambarare kama ukuta, na kilele chake Sapitwa kina urefu wa mita 3,002. Ipo milima ya Zomba. Uko mji wa Blantyre uliojengwa kati ya vilima vya Soche, Ndirande na vinginevyo. Na chini ya vyote liko bonde la mto Shire, unaotoka Ziwa Malawi na kuteremka hadi Zambezi, ambako maji yote ya nyanda za juu hukutana.

USIKU WA JUMAPILI

Idara ya hali ya hewa ya Malawi ilikuwa imetoa onyo siku kadhaa kabla. Ni haki kulitaja hilo, maana baadaye wengi walisema hawakuambiwa. Walioambiwa bali hawakuhama walikuwa na hoja yao: mafuriko ya Malawi ni ya Nsanje na Chikwawa, bondeni huko, na sisi wa Blantyre tuko mlimani. Uzoefu wa miaka iliyotangulia ulikuwa umewafundisha hivyo.

Mvua ilianza kukolea Jumapili tarehe 12 Machi. Usiku wa kuamkia Jumatatu, pande za mlima Soche ziliachia. Si maji peke yake yaliyoshuka. Ulikuwa udongo, mawe makubwa ya ukubwa wa nyumba, na magogo, vyote pamoja, juu ya mitaa ya Chilobwe na jirani zake, watu wakiwa wamelala. Nyumba nyingi kule ni za tofali bichi, zimejengwa kwenye mteremko kwa sababu kiwanja cha tambarare mjini hakinunuliki kwa maskini. Miti ya mlima ilikuwa imekatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya kuni na mkaa, kwa kuwa familia nyingi za Malawi hazina umeme, na hata zenye umeme hupikia mkaa. Sipendi kuwalaumu wakata miti. Hapa kambini nasi tunapikia nini? Hata hivyo mizizi ikiondoka, udongo uliolewa maji haushikwi na kitu.

Asubuhi watu walichimba kwa majembe na kwa mikono. Hospitali kuu ya Queen Elizabeth ya Blantyre ilifurika maiti, na watu wakaombwa waje kuwatambua ndugu zao. Mvua iliendelea Jumatatu, ikaendelea Jumanne. Mulanje na Phalombe walipata maporomoko yao wenyewe. Vijiji vizima vilifunikwa na mawe yaliyoteremka kutoka mlima ule. Chiradzulu, Thyolo, Zomba, Chikwawa na Nsanje vilevile. Mitambo ya umeme katika mto Shire ilizimwa kwa sababu ya takataka na maji, na sehemu kubwa ya nchi ikakaa gizani. Shule za wilaya kumi za kusini zilifungwa. Tarehe 13 Machi Rais Lazarus Chakwera alitangaza hali ya maafa kusini, na baadaye siku 14 za maombolezo.

Wataalamu walipokuja kuhesabu, walisema sehemu zile zilipata mvua ya miezi sita katika siku sita. Watu wapatao 659,000 walihama makwao na kulala katika shule, makanisa na mahema. Msimu wenyewe ulikuwa mbaya kupita kiasi: mahindi yalikuwa yamebakiza wiki chache kuvunwa, na tangu Machi 2022 nchi ilikuwa ikipambana na kipindupindu, kibaya kuliko vyote katika historia yake, kilichoua zaidi ya watu 1,700 mpaka kilipokwisha. Maji ya Freddy yalifukia vyoo na visima pamoja.

Jirani walikuja. Tanzania ilileta helikopta za jeshi na unga wa mahindi, Zambia nayo ikasaidia. Mahali kama Makhanga, kati ya mito Shire na Ruo, hapakufikika isipokuwa kwa mashua na ndege. Na hapa ndipo watu wengi hukosea wanapohesabu siku za kimbunga. Kufika Jumatano tarehe 15 anga ilikuwa inafunguka na Freddy ilikuwa haipo tena katika ramani. Lakini maji ya milima yalikuwa bado njiani kuteremka, na bondeni Nsanje watu waliendelea kuzingirwa kwa siku nyingi chini ya jua kali. Kimbunga kilikuwa kimekwisha kufa, na gharika bado inatembea.

SI MARA YA KWANZA

Wenyeji wanalo neno la kale kuliko namondwe kwa maafa ya namna hii. Wanasema napolo: nyoka mkubwa anayekaa ndani ya mlima, na siku akiondoka kwenda ziwani hupasua mlima na kuburuta mawe na maji nyuma yake. Mwezi Desemba 1946 napolo alipita Zomba, uliokuwa mji mkuu wa Nyasaland wakati huo. Zaidi ya milimita 700 za mvua zilinyesha ndani ya siku mbili, madaraja yakachukuliwa na mlima ukachanika. Mshairi wa Malawi Steve Chimombo ameliandikia sana jina hilo. Kisha tarehe 10 Machi 1991 napolo alishuka Phalombe kutoka Mulanje, akaua mamia ya watu. Angalieni mwezi: Machi 1991, Machi 2023, mlima uleule. Mimi kama mwalimu sifundishi kwamba kuna nyoka. Lakini waliobuni habari ya nyoka walikuwa wameona kitu ambacho ngazi za upepo hazionyeshi, kwamba hatari inatoka juu mlimani, siyo baharini.

Miaka ya karibuni inatoa ushahidi wa kutosha. Mafuriko ya Januari 2015 yaliua watu 106 katika Malawi, na 172 hawakuonekana. Machi 2019 kilikuja Idai. Dunia inakumbuka Idai kwa jinsi ilivyoupiga mji wa Beira usiku wa tarehe 14 Machi, lakini siku kumi kabla yake, ilipokuwa mgandamizo mdogo wa hewa usio na jina, ilikuwa imekwisha pita kaskazini ya Msumbiji na kusini ya Malawi. Watu 60 walikufa Malawi kwa mvua ile. Kilichowaua kilikuwa bado hakijabatizwa. Halafu kikarudi baharini, kikapata nguvu na jina, kikaivunja Beira, kikaingia Zimbabwe kimechoka, na huko katika milima ya Chimanimani kikaua mamia wengine. Mwanzo dhaifu, mwisho dhaifu, na kote maiti.

Januari 2022 ikaja Ana. Hiyo haikufika hata ngazi ya kimbunga. Ilitua Msumbiji karibu na Angoche ikiwa dhoruba ya wastani. Mvua yake iliujaza mto Shire hadi bwawa la Kapichira likabomoka, na Malawi ikapoteza karibu theluthi moja ya umeme wake kwa zaidi ya mwaka. Taa zilizokuwa zinazimika kila jioni mwaka ule zilizimwa na dhoruba ambayo katika daftari la upepo ilikuwa ndogo.

Lakini nisiseme upande mmoja tu. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilikuwa kinaelekea Dar es Salaam, watu wakaogopa sana, kikadhoofika kabla ya kufika na hakikuleta maafa. Kwa hiyo kudhoofika si lazima kuwe na hila ndani yake. Tofauti iko katika mambo ambayo mtu anaweza kuyauliza: je, kimbunga kinaendelea na safari au kimesimama? Udongo umekwisha kulewa kwa mvua za majuma yaliyopita? Kuna mlima wa kukikinga? Machi katika Malawi ni mwisho wa masika, ardhi imeshiba. Jobo alikosa hayo yote. Mei 2024 Hidaya ilifanya kama Freddy kwa kiasi kidogo: ilipoteza nguvu karibu na Mafia, ikatangazwa kwamba imekwisha, na wakati huohuo mvua yake ilikuwa inaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara pale Somanga, wilaya ya Kilwa. Magari yalikaa foleni pande zote mbili.

MAJI TUNAYOYAJUA SISI

Niliposema kwamba vimbunga havifiki kwetu, sikusema kwamba hatujui maji ya mlimani. Wasomaji wa Uvira wanaukumbuka mto Mulongwe wa Aprili 2020, ulivyotoka katika kingo zake na kuchukua mitaa. Wasomaji wa Bujumbura wanaukumbuka usiku wa tarehe 9 Februari 2014, Kamenge, Kinama na Buterere, makorongo yalipojaa kutoka milimani na zaidi ya watu 60 wakafa. Na majuma saba tu baada ya Freddy, tarehe 4 Mei 2023, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, Kivu ya Kusini, vilifunikwa kwa tope na mawe. Walizikwa zaidi ya watu 400. Humu kambini kuna nyumba ambazo matanga ya Kalehe yaliwekwa. Hakukuwa na kimbunga chochote Kalehe, wala ngazi, wala jina kutoka Australia. Mlima mkavu wa miti, mteremko mkali, mvua ya jioni moja. Ukisimulia Chilobwe mbele ya mtu wa Kalehe, huhitaji kumweleza zaidi.

Kwa upande wa wakimbizi kuna jambo lingine la mwezi ule. Wenzetu wengi walikuwa na biashara ndogo katika miji na vijiji vya Malawi. Tarehe 27 Machi 2023, wiki mbili baada ya maporomoko ya Soche, serikali ilitoa amri wakimbizi wote wanaoishi nje warudi Dzaleka, na kuanzia katikati ya Mei wakaanza kukusanywa na kuletwa. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, kwa hesabu ya watu elfu kumi hadi kumi na mbili. Sasa ilikuwa na zaidi ya elfu hamsini. Waliofika walijenga palipopatikana, na palipopatikana ni pale ambapo wa kwanza hawakutaka kujenga: ukingoni mwa korongo, mahali pa njia ya maji.

Nyumba zetu ni za tofali bichi kama za Chilobwe. Tofali bichi halihofii upepo sana, ukuta wake ni mzito. Adui yake ni maji yanayosimama mguuni mwake. Likilowa chini, ukuta wote huketi. Kila mwaka mvua za kawaida huangusha kuta hapa, bila kimbunga. Mwenye nyumba husikia sauti kama ya gunia linalotupwa chini, kisha ukuta haupo. Mfereji wa kina cha goti upande wa juu wa nyumba unafaa zaidi kuliko shitingi mpya ya HCR juu ya paa, na jirani wakichimba pamoja maji huondoka kwa wote, badala ya kila mmoja kumsukumia mwenzake wa chini.

Nilibakiza habari ya lugha. Taarifa za hali ya hewa za Malawi hutolewa kwa Kichewa na Kiingereza. Mama aliyetoka Fizi au Ruyigi hapati taarifa yenyewe. Anapata kile alichokumbuka kijana aliyeisikia. Nimewauliza wazazi kadhaa walisikia nini juma lile la Freddy. Wengi walisikia neno moja, lile la kudhoofika. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imesema pia kwamba mvua kubwa itaendelea, lakini nusu hiyo ilipotea njiani kati ya redio na masikio yao, kwa maana nusu ya kwanza ilikuwa ya kufurahisha na watu walikuwa na haraka ya kuipeleka nyumbani.

Ndiyo sababu nimeiomba Kamati, kabla ya mvua zijazo, ipake rangi nyeusi ule ukuta wa upande wa barabara wa ofisi yetu ili tuandike taarifa kwa Kiswahili na Kirundi kila siku dhoruba inapotajwa. Pawe na mistari miwili, mmoja wa upepo na mmoja wa mvua, na mstari wa mvua usiachwe wazi hata siku ambayo wa upepo umefutwa. Chaki nitatoa mimi.